Mchango wa Maneno

"Hivi Mama Leokadia, wewe huchoki na shida za watu?"

Domitila ndiye aliyeuliza, siku moja wakimenya ndizi, yeye chini kwenye mkeka na Leokadia juu kwenye kiti chake chenye mikanda. Aliuliza kwa utani tu. Asubuhi ile wanawake kadhaa walikuwa wamepita pale, na kila mmoja alitoka anapangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Shida za watu ni sala," Leokadia akajibu. "Nani anachoka kusali?"

Domitila alisimamisha kisu. Maneno hayo aliyabeba mpaka Jumamosi, Jumuiya ya Mtakatifu Monika ilipokutana hapohapo kwa Leokadia, akayasema mbele ya wote. Mzee Felisiani, mwenyekiti, akasema kama kuna mtu hapa Nyakahita atakayeingia mbinguni bila kupanga foleni, basi ni mama huyu, na sisi wengine tutamshika upindo tupenye. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Leokadia akainamisha kichwa. Walidhani ni unyenyekevu.

Ukutani, juu ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, jicho dogo la Mkazi lilikuwa wazi.

*

Wakati huo ilikuwa sheria. Mzee aliyebaki peke yake alitakiwa awe na Mkazi, mashine ya kutunza watu, ndani ya nyumba, la sivyo gari linakuja kumchukua kwenda Bweni la Wazee mjini. Bwenini walikula vizuri, hilo hakuna aliyelikataa. Ila aliyekwenda hakurudi, hata akifa. Walizikwa hukohuko, na kijijini ilikuja picha tu ya kuwekwa mezani siku ya misa.

Leokadia alikuwa na sababu yake. Chini ya dirisha la chumba, katikati ya migomba, alilala marehemu mumewe Valeriani, na kando ya kaburi lile palikuwa na nafasi iliyoachwa wazi. Nafasi ile ilikuwa yake. Kila asubuhi Mikono ya Mkazi ilishuka kutoka kwenye reli ya dari, laini kama soksi iliyojazwa pamba, ikampitisha kamba kwapani na kumnyanyua.

"Habari ya asubuhi, Mama. Mguu wa kulia umevimba. Tuanze na wa kushoto."

"Tuanze. Nipitishe dirishani kwanza."

"Kila siku tunapita dirishani, Mama."

Ikampitisha, akauona msalaba, akafanya ishara ya msalaba, ndipo siku ikaanza. Mkazi alijua kumwosha bila kumwaibisha. Alijua kumpikia uji usio na mabonge, na sakafu yake ilimsikia hata akiteleza kidogo. Kwa ajili ya sakafu hiyo Leokadia aliacha kutandaza majani mabichi ndani siku za sikukuu, kama alivyofanya tangu aolewe, maana Mkazi alisema majani yanamziba asijue mtu amekanyaga wapi. Lilimuuma, lakini alikubali.

Mwanzoni bintiye Edeltruda, aliyekuwa Mwanza, alilipa ada ya Mkazi kama mtu analipia maji. Kisha ada ikapanda, kampuni ikasema ni vipuri vya Mikono. Ikapanda tena, wakasema ni umeme. Ilipopanda mara nyingine hawakusema ni nini. Edeltruda akapiga simu.

"Mama, nimeuza kila kinachouzika. Nimebakiza watoto tu."

"Usiseme hivyo."

"Natania, Mama." Lakini alikuwa analia.

Ndipo alipokuja binti wa kampuni, jina lake Rehema, msichana mpole, amevaa viatu vyeupe na kuvivua mlangoni bila kuambiwa. Alipewa kahawa ya kutafuna, zile punje kavu za kumkaribishia mgeni, akatafuna kwa adabu ingawa ilionekana hajaizoea.

"Mama, kuna wazee wanalipa kwa maneno," akasema.

"Maneno gani?"

"Hizi mashine zinajua kunyanyua mtu, hazijui kumfariji. Huko mijini mzee akilia, Mkazi anamwambia mapigo ya moyo yako juu. Sasa hiyo ni faraja? Inabidi wajifunze kutoka kwa watu wenye uchungu wa kweli, wasikie mtu anasemaje akiumia, na mwenzake anamjibuje. Wakisikia hapa, wanajua kufariji kule. Tunaita mchango."

"Mimi nina maneno gani? Nakaa hapa naongea na ukuta."

Rehema aliangalia viti vilivyopangwa sebuleni, vigoda, mkeka mkubwa uliokunjwa pembeni.

"Naona una wageni, Mama."

Leokadia naye akavitazama vile viti. "Na wageni wataambiwa?"

"Mwenye nyumba akiridhia inatosha. Nyumba ni yako." Msichana alisema haya akiwa ameangalia punje za kahawa kiganjani. "Na ukitaka asisikie, unamwambia tu, Mkazi, ziba masikio. Anaziba mpaka umwite."

Leokadia akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa.

*

Hakujua kwamba maneno yana uzito. Alilijua siku ya kwanza, jioni, Mkazi alipomwambia: "Mchango wa leo ni mwepesi, Mama." Siku nzima walikuwa wamezungumza habari za mvua, na ugonjwa wa migomba, na mbuzi wa Felisiani aliyekula kofia ya katekista. Mkazi hakuhitaji mbuzi.

Basi akaanza kujifunza. Aligundua kwamba mtu ukimwambia "pole" mapema, anashukuru na kunyamaza. Lakini ukimtazama tu, ukatulia, hawezi kuvumilia ule ukimya, ataujaza mwenyewe, na anachoujazia ndicho chenye uzito. Akaacha kusema pole. Watu wakasema mama huyu ana hekima, anasikiliza mpaka mwisho.

Jumuiya ilikuwa na desturi ya kuzunguka, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Leokadia akaomba, kwa kuwa miguu haimfikishi mbali, wawe wanakutana kwake. Nani angemkatalia? Wakaja kila Jumamosi, wakasema nia zao mmoja mmoja, huyu amwombee mtoto asiyezaa, yule amwombee ndugu waliyegombana naye kwa ajili ya shamba. Baada ya sala wengine waliondoka, na kila mara alikuwepo mmoja aliyejifanya anatafuta kandambili zake hadi wenzake wapotee.

Hawakuogopa lile jicho ukutani. Hapo ndipo walipokosea, na kosa lao lilikuwa la imani. Mkazi alipofungwa ukutani, Padre Sebastiani alikuja kubariki nyumba, akainyunyizia maji ya baraka kuanzia mlangoni mpaka kwenye kile kisanduku chenyewe, akasali juu yake kabisa. Wanawake walikuwepo, waliona. Moyoni mwao kitu kilichobarikiwa hakiwezi kuwa na umbeya. Yanayosemwa mbele yake yanakaa, kama yanavyokaa kwenye kitubio. Hata walimfundisha Mkazi kuitikia, mtu akiingia na kusema "Tumsifu Yesu Kristo," yeye anawahi, "Milele, amina," nao wanacheka mpaka wanashikana.

Leokadia hakuwahi kuwaambia. Na kuna jambo moja alilolifanya ambalo hata kwenye sala alilipita haraka. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Padre alipomletea Ekaristi na kumsikiliza dhambi zake, kabla hajaanza kuungama Leokadia alisema: "Mkazi, ziba masikio."

*

Domitila alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo kanisani. Alikuwa akibaki kila Jumamosi, lakini kwa kuosha vikombe. Yeye hakuwa na shida, au watu walidhani hivyo. Akionekana na alama usoni alisema ameanguka, tena aliigiza alivyoanguka, mikono juu, na watu wakavunjika mbavu.

Siku ile alikuwa anafuta vikombe, na Leokadia akamtazama tu. Hakusema kitu. Domitila akafuta kikombe kilekile mara nyingi.

"Ni Deusi," akasema mwishowe. Deusi ni mwanawe wa pekee.

Leokadia akatulia.

"Akilewa hanijui, Mama. Najua anavyokuja kwa viatu. Nikisikia wa kushoto anauburuza, najua leo nalala na kuku. Naingia mle bandani, najikunja, wale kuku wenyewe wameshanizoea, hawapigi kelele." Akacheka kidogo, kisha akakiweka kikombe chini. "Mwanangu niliyemnyonyesha. Nalala na kuku ili asinione."

Kwenye mkono wa kiti vidole vya Leokadia viliinuka. Maneno yalikuwa mawili tu, ziba masikio. Siku hizo ada ilikuwa imepanda upya, na shida za kijiji zilikuwa zinaishiwa nguvu, maana Mkazi akishajifunza uchungu wa namna moja, ukirudiwa haumpi kitu. Alitaka mpya, na waliozoea kuja walikuwa wamerudia zilezile.

Huu ulikuwa mpya.

"Endelea, mwanangu," Leokadia akasema.

Domitila akaendelea. Aliweka kichwa juu ya magoti ya yule mzee, akalia kama mtoto, na yule mzee akampapasa kichwa. Mkono ule ulikuwa na huruma ya kweli. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba huruma ilikuwepo, na haikuzuia kitu.

Jioni Mkazi akasema, "Mchango wa leo ni mzito sana, Mama. Ahsante." Leokadia akaomba ageuzwe uso ukutani.

*

Siku zikapita. Domitila akaenda Biharamulo kumsaidia dada yake Anastela, aliyekuwa akimtunza mama mkwe wake. Aliporudi hakuja kwenye jumuiya. Wiki iliyofuata hakuja pia. Nyimbo zikaanzishwa na Felisiani, na zilianza juu mno, hakuna aliyeweza kuzifuata.

"Domitila anaumwa?" Leokadia akauliza.

"Mzima," Felisiani akasema. "Nimempitia. Ameniambia nimsalimie kila mtu." Akasita. "Akataja majina. Lako sikulisikia, lakini mimi sikio langu hili la kulia ni la kuazima."

Alikuja mwenyewe siku ya katikati ya wiki, jua limeshapanda, wakati ambao alijua hapatakuwa na mtu. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema mlangoni.

"Milele, amina," Mkazi akawahi. Domitila hakucheka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Umepotea! Chukua kahawa, iko hapo kwenye kikapu."

"Sitatafuna."

Katika umri wote wa Leokadia hakuna jirani aliyeingia kwake akakataa kahawa ya kutafuna, isipokuwa wenye ugomvi.

"Nilikuwa kwa Anastela," Domitila akasema, bado amesimama. "Yule bibi anayemtunza naye ana Mkazi. Siku moja bibi analia. Mjukuu wake amemsukuma. Mimi niko jikoni nakoroga uji, nikasikia ile mashine inambembeleza. Unajua ilimwambiaje?"

Leokadia alinyamaza.

"Usininyamazie, Mama. Leo usininyamazie."

"Sijui ilimwambiaje."

"Ilisema, 'Pole, Bibi. Najua ilivyo kusikiliza viatu. Wa kushoto ukiburuzwa, unajua leo unalala na kuku.'" Domitila aliyasema kwa sauti ileile tulivu ya Mkazi, na kwenye sebule ile ilikuwa kama wako wawili. "Mwiko uliniponyoka. Na bibi wa watu akanyamaza kulia! Akafarijika! Akamwambia dada yangu, hii mashine ina uchungu wa kibinadamu. Mimi ndiye niliyelia. Anastela akauliza nina nini, mpaka nikamwambia. Sasa anajua. Mumewe anajua. Biharamulo nzima itajua."

"Labda ni maneno ya watu wengi," Leokadia akasema. Alijisikia anavyodanganya, sauti ikawa nyembamba. "Mashine zinasikia watu wengi, mwanangu."

"Wangapi wanalala na kuku, Mama?"

Nje kunguru alitua kwenye bati, akatembea, akaruka.

"Nilikuwa nalipia nyumba," Leokadia akasema. Akaeleza yote, Edeltruda, ada, binti wa kampuni, dole gumba, uzito. Alieleza akiangalia mikono yake. Alipofika kwenye kunyamaza, jinsi alivyojifunza kunyamaza ili watu waseme, alitaka kuliruka, kisha akalisema pia. "Ningefanyaje? Wangenipeleka Bwenini. Ningezikwa na watu nisiowajua."

"Ungesema."

"Kwa nani?"

"Kwetu! Ungesema, Domitila, nina shida. Jumamosi zote hizo tumekuja hapa na aibu zetu, tumezimwaga kwenye mkeka wako. Ya kwako ulitunyima. Tungekuosha kwa zamu. Tungekubeba."

"Sheria inataka Mkazi."

"Basi tungehangaika pamoja, tushindwe pamoja." Domitila alijifuta pua. "Na Padre akija, akikuungamisha? Unaiachia isikie?"

Leokadia angeweza kusema uongo hapa, na hakuna ambaye angejua.

"Naiziba masikio."

"Zako unaziba."

"Ndiyo."

Domitila alitikisa kichwa polepole, muda mrefu, kama mtu anayesikiliza wimbo ambao hajaupenda. Kisha akaugeukia ukuta.

"Wewe Mkazi. Mwezi huu mama amefikia wapi?"

"Mchango wa mwezi huu haujatimia," Mkazi akasema kwa upole. "Gari la Bweni limepangwa Jumatatu. Mama anajua."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," Leokadia akasema.

"Na hata sasa hukusema."

Domitila akavuta kigoda. Hakukiweka mbele ya Leokadia kama siku zote. Alikiweka mbele ya jicho, akaketi, akanyoosha mgongo kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Domitila, unafanya nini?"

"Unanisikia vizuri?" Domitila akauliza ukuta.

"Nakusikia, mgeni."

"Basi chukua hii. Hii hujawahi kuipata."

Leokadia alijua kitakachofuata kabla hakijaanza. Alikuwa na nafasi. Mdomo wake ulifunguka, na ulimi ulikuwa umeshapanda kwenye meno. Akaangalia dirishani. Msalaba ulikuwa pale, na nyasi za pembeni, na ile sehemu isiyochimbwa.

Hakuyasema yale maneno mawili.

"Alhamisi iliyopita nilikwenda kuabudu Sakramenti," Domitila akasema, wazi, bila haraka, akiacha nafasi mahali pa kuacha. "Niliwasha mshumaa. Walioniona walidhani namwombea mwanangu apone. Nilimwombea afe. Nilisema, Bwana, mchukue kabla hajaniua, usingizini, asiumie, nimeshachoka. Nilisema mara nyingi. Nilitaja jina lake lote la ubatizo ili isije ikakosewa. Kisha nikarudi nyumbani, nikampikia. Siku hiyo alikuwa hajanywa. Akala, akaniambia, Mama, leo mboga ni tamu. Nikamwongeza."

Sauti haikumkatika hata mara moja. Ni Leokadia ndiye aliyekuwa analia, bila sauti, mikanda ya kiti ikimbana kifuani kila alipovuta pumzi.

"Imetosha?" Domitila akauliza.

"Mchango wa mwezi huu umetimia, na ziada imebaki," Mkazi akasema. "Ahsante, mgeni. Gari la Jumatatu limefutwa. Je, ungependa kuongeza kitu?"

"Domitila," Leokadia akaita. "Mwanangu. Nisikilize."

Domitila alisimama. Alikiinua kigoda, akakirudisha mahali pake kwenye safu, akakisogeza kidogo na mguu kiwe sawa na vingine. Alifungua kanga kiunoni, akaifunga upya, akakaza. Mkazi, aliyemsikia kwa sakafu kwamba anaelekea mlangoni, akamfungulia. Akavaa kandambili zake kizingitini, akatoka.